Bima ya Mkandarasi wa Rangi

Kazi ya kupaka rangi ina sura ya kazi salama. Hakuna kuchimba msingi, hakuna kumwaga zege ghorofani, na jengo lenyewe huwa limekwisha simama fundi rangi anapoingia. Ndiyo maana makandarasi wengi wa rangi, Tanzania na Kenya, huiona bima kuwa shughuli ya wajenzi wakubwa wenye winchi na magreda. Dhana hiyo inapima hatari kwa bei ya kazi, na hapo ndipo inapokosea. Mkandarasi aliyelipwa shilingi milioni 3 apake korido za hoteli anafanya kazi ndani ya jengo la mabilioni, juu ya mazulia ya wenyewe, kando ya magari ya wageni, na kwenye stoo yake ana madebe ya tina yanayoweza kushika moto kwa cheche moja. Hasara anayoweza kuisababisha haina uhusiano wowote na malipo yake. Mkandarasi asipolielewa hilo, kila bima atakayouziwa ataiona ni gharama ya bure.

Mfano unaojulikana sana ni wa jiji la Philadelphia, Marekani. Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Februari 1991, moto uliwaka kwenye ghorofa la 22 la One Meridian Plaza, jengo la ofisi lenye ghorofa 38. Chanzo chake kilikuwa matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakirudishia mng'ao mbao za ukutani. Mafuta ya aina hiyo yanapokauka huvuta oksijeni ya hewani na kutoa joto. Kitambaa kikitandazwa, joto hupotea. Kikifinyangwa na kutupwa kwenye rundo, joto hubaki ndani, huongezeka, na mwishowe tambara huwaka lenyewe bila kiberiti. Moto huo uliwaka kwa takriban saa 19, ukaua wazimamoto watatu, na ulisimama ulipofika ghorofa la 30 lililokuwa na vinyunyizio vya maji. Jengo halikutumika tena, na kufikia 1999 lilikuwa limebomolewa. Mafundi wanaosugua milango ya mninga na mvule kwa mafuta na vanishi katika miji ya Afrika Mashariki hushika matambara ya aina ileile kila siku, na wengi huyarundika pembeni mwa chumba jioni wanapoondoka.

Kisheria bima ni mkataba wa kufidia: kampuni hupokea ada na kuahidi kumrudisha mteja mahali alipokuwa kabla ya hasara, bila kumtajirisha. Kwa mkandarasi wa rangi hakuna bima moja inayobeba kila kitu. Kuna bima ya hasara anazowasababishia wengine, fidia ya wafanyakazi wake, bima ya mali na vifaa vyake, bima ya magari yake, na pale kazi inapokuwa kubwa, bima ya mradi wenyewe. Baadhi yake ni lazima kwa sheria. Nyingine ni hiari, ingawa mteja mkubwa anaweza kuzifanya sharti la kuingia kwenye eneo lake.

Inayostahili kutangulia ni bima ya dhima kwa umma. Dhima ni wajibu wa kisheria wa kumlipa mtu aliyeumia au aliyeharibiwa mali kwa uzembe wa mwingine. Ndoo ya rangi ikidondoka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa la tatu ikampata mpita njia, mkandarasi ndiye atakayedaiwa gharama za hospitali, kipato kilichopotea, na pengine fidia ya ulemavu wa maisha. Ngazi ikiteleza ikavunja kioo cha duka, hali ni hiyohiyo. Bima hii hulipa madai ya namna hiyo, na kwa kawaida hulipa pia gharama za wakili wa kumtetea mkandarasi, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Kiwango hicho huwa na pande mbili: kikomo kwa tukio moja, na kikomo cha jumla kwa mwaka mzima. Mkandarasi anayeulizia bei tu bila kuulizia vikomo hivyo hajui alichonunua.

Rangi ya kupuliza ina hatari yake peke yake. Mashine hutoa chembe ndogo zinazoelea, na upepo huzichukua mbali kuliko fundi anavyodhani. Kwenye miji ya pwani, ambako kusi na kaskazi huvuma kwa miezi mfululizo, paa linalopulizwa mchana linaweza kuyatia madoa magari yote yaliyoegeshwa upande wa pili wa barabara. Hakuna anayeona wakati rangi inatua. Madoa huonekana jioni, yakiwa yamekwisha kauka. Magari 10 yanayohitaji kusafishwa au kupakwa upya ni deni linaloweza kuzidi faida ya mwaka mzima. Baadhi ya mikataba hubeba madhara ya kupuliza bila masharti, mingine huyabeba pale tu magari yalipofunikwa au kuhamishwa kwanza, na mingine huyakataa kabisa. Mkandarasi mwenye mashine ya kupulizia anapaswa kuuliza swali hilo kabla ya mengine yote na kupata jibu kwa maandishi.

Bima ya dhima ina mipaka inayowashangaza wengi siku ya madai. Mpaka wa kwanza ni kitu kinachofanyiwa kazi. Fundi akitumia dawa kali ya kuondolea rangi ya zamani ikala mbao za mlango alioajiriwa kuupaka, mikataba mingi haitalipa mlango. Dawa hiyohiyo ikichuruzika ikaharibu sakafu ya marumaru iliyo chini, sakafu hulipwa, kwa kuwa haikuwa sehemu ya kazi. Mstari kati ya viwili hivyo si mnyoofu siku zote, na mabishano mengi kati ya makandarasi na kampuni za bima huanzia hapo: je, fremu ya dirisha ilikuwa sehemu ya kazi au jirani ya kazi? Mkataba wa upakaji unaotaja wazi kinachopakwa na kisichopakwa husaidia sana mbele ya mkadiria hasara.

Mpaka wa pili ni ufundi mbaya. Ukuta uliopakwa kabla haujakauka utatoa mabaka, na nyumba za pwani zenye chumvi ukutani hubandua rangi miezi michache tu baada ya kukabidhiwa. Kurudia kazi hiyo ni juu ya mkandarasi, wala hakuna kampuni ya bima itakayoigharamia, na hilo ni haki: bima ingelipia kila ukuta uliobanduka, fundi makini angekuwa anachangia uzembe wa mwenzake. Kinacholipwa ni madhara ya ghafla yaliyotokana na kosa hilo. Fundi akilegeza bomba la kiyoyozi ili apake nyuma yake, asilikaze vizuri, na usiku maji yakavuja yakaangusha dari ya ofisi ya chini, dari na samani zilizolowa ni madai halali, lakini kulikaza bomba upya ni kazi yake mwenyewe.

Mpaka wa tatu ni masharti ya kazi zenye moto na urefu. Mafundi wengine huondoa rangi ya mafuta ya zamani kwa kuichoma kwa moto wa gesi. Kampuni za bima huiogopa mbinu hiyo, na pale zinapoikubali hutaka mtungi wa kuzimia moto uwepo karibu, vitu vinavyowaka viondolewe, na mtu abaki akiangalia eneo kwa muda baada ya kazi, kwa sababu cheche inaweza kujificha ndani ya mbao kabla haijalipuka kuwa moto. Sharti likivunjwa, madai hukataliwa hata kama ada ililipwa kwa wakati. Urefu nao una kikomo katika mikataba mingine: mkandarasi aliyejieleza kuwa mpakaji wa nyumba za kawaida, kisha akapata kazi ya nje ya jengo la ghorofa 8, anaweza kujikuta yuko juu kuliko bima yake.

Upo mtego mwingine ambao wenye nyumba na mafundi hawauzungumzii. Mwenye jengo mara nyingi ana bima yake ya moto, na jengo likiungua kampuni yake humlipa. Hapo mkandarasi huvuta pumzi akidhani jambo limekwisha. Halijaisha. Kampuni iliyolipa hurithi haki ya mwenye jengo ya kumdai aliyesababisha moto, na humfuata mkandarasi kwa kiasi chote ilicholipa. Bima ya mteja haimlindi fundi, isipokuwa mkataba umeandikwa hivyo, kwa mfano kwa kumtaja mkandarasi kama mmoja wa wanaolindwa au kwa kampuni kuiacha haki hiyo ya kumfuata.

Kwa wafanyakazi, sheria haikuacha hiari. Tanzania Bara kila mwajiri anatakiwa kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia; hakuna kinachokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi mchango ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukashuka hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka uliofuata. Mkandarasi anayelipa mishahara ya shilingi milioni 4 kwa mwezi huchangia shilingi 20,000, bei ya lita chache za rangi nzuri. Mfuko hugharamia matibabu, hulipa sehemu ya kipato wakati wa kuuguza jeraha, hulipa ulemavu wa kudumu, na kifo kikitokea huwalipa wategemezi. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba bosi alikuwa na kosa. Inatosha kuwa aliumia kazini au kwa sababu ya kazi.

Kenya imefuata njia nyingine. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa ufupi wake wa WIBA, inamtaka mwajiri anunue bima kwa kampuni iliyoidhinishwa. Mfanyakazi akifariki au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 96, yaani miaka 8 ya kipato. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019 kwamba inapatana na Katiba. Mkandarasi wa Nairobi au Mombasa ambaye hana bima hiyo hajaepuka deni. Ameamua tu kulibeba peke yake.

Ugumu mkubwa katika kazi ya rangi ni vibarua. Mkandarasi ana mafundi wawili wa kudumu, kazi ikiongezeka anaita wanane kutoka kijiweni, anawalipa kwa siku mkononi, na majina yao hayamo popote. Siku mmoja anapoanguka kutoka kwenye jukwaa, swali la kwanza ni kama aliajiriwa kweli na kwa kipato gani. Daftari la kila siku lenye jina, namba ya simu, kazi aliyopewa na malipo aliyosaini linaweza kuamua kama familia italipwa au la. Ni aibu kwamba kitu rahisi hivyo hukosekana mahali ambapo watu hupanda ngazi kila asubuhi. Hali ya yule anayechukua kipande cha kazi na kuleta watu wake ni tata zaidi: mkandarasi humwona ni mfanyabiashara anayejitegemea, kumbe mkaguzi au mahakama, ikiangalia nani anatoa amri na nani anatoa vifaa, inaweza kumwona ni mfanyakazi.

Kuanguka ndiko kunakoonekana, lakini mwili wa fundi rangi huumizwa pia polepole. Chokaa mbichi huunguza macho. Mvuke wa tina kwenye chumba kisicho na hewa hulewesha na kuangusha watu. Rangi za zamani zenye madini ya risasi, zikipigwa msasa zikiwa kavu, hutoa vumbi lenye sumu ambalo fundi hulivuta kazini na kulipeleka nyumbani kwa watoto kupitia nguo zake. Viwango vya rangi vya Afrika Mashariki siku hizi vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini kuta zilizopakwa zamani hazikupitia kikomo hicho. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya upakaji rangi mwaka 1989 katika kundi la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, na baadaye likaithibitisha hukumu hiyo kwa ushahidi wa saratani za mapafu na kibofu cha mkojo. Hapa tofauti za mikataba zinauma. Fidia ya wafanyakazi kisheria hutambua magonjwa yatokanayo na kazi. Bima ya ajali binafsi, ambayo mawakala huiuza kwa bei nafuu kwa mafundi, kwa kawaida hulipa tukio la ghafla tu: mguu uliovunjika, ndiyo, mapafu yaliyochakaa kwa miaka 20, hapana. Bima hiyo ina nafasi yake hata hivyo, hasa kwa fundi anayejitegemea bila mwajiri, na kwa mkandarasi mwenyewe ambaye naye hupanda ngazi pamoja na vijana wake.

Upande wa vifaa ni mwepesi zaidi kueleweka. Kompresa, mashine za kupulizia, majukwaa ya chuma na akiba ya rangi vinaweza kukatiwa bima ya moto na wizi. Mambo mawili huharibu madai mengi. Kwanza, mikataba ya wizi hutaka dalili za kuvunja. Mashine iliyoachwa usiku kwenye jengo lisilo na mlango haitalipwa ikipotea. Pili ni kukata bima pungufu ili kupunguza ada. Vifaa vyenye thamani ya shilingi milioni 20 vikiandikishwa kwa milioni 10, kampuni humchukulia mteja kuwa amejibebea nusu ya hatari mwenyewe. Kikiibwa kitu cha milioni 4, atalipwa milioni 2, na bado itatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hukubali kuibeba. Majukwaa ya kukodi nayo yanahitaji kutajwa, kwa sababu mikataba ya kukodi karibu yote humwachia mkodishwaji hasara ya kupotea au kupinda kwa vyuma.

Stoo ya rangi ni jambo la kutajwa kwa uwazi. Rangi ya maji haina hatari kubwa ya moto, lakini tina, vanishi na rangi za mafuta zinawaka haraka. Mkandarasi anayehifadhi madebe hayo kwenye chumba cha nyumba ya kuishi, akaiambia kampuni ya bima kuwa chumba hicho ni ofisi, amejinunulia karatasi isiyo na kazi.

Gari, liwe pikapu au kirikuu, linafuata sheria za kawaida za barabarani. Bima ya mtu wa tatu, ambayo Watanzania huiita bima ndogo, ni lazima, na hulinda watu walioumizwa na gari hilo. Haigusi gari lenyewe wala ndoo 40 za rangi zilizomo. Bima kubwa hulinda gari, lakini mizigo huhitaji bima yake, na gari lililoandikishwa kwa matumizi binafsi huku likibeba mafundi na majukwaa kila siku hutoa sababu nyepesi ya kukataa madai.

Kazi inapokuwa sehemu ya mradi mkubwa, hukutwa bima ya hatari zote za mkandarasi. Aina hii ilianzia London mwaka 1929, wakati wa ujenzi wa daraja la Lambeth juu ya mto Thames, na leo ni sharti la kawaida katika mikataba ya ujenzi, ikiwemo ile ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Hubeba uharibifu wa kazi inayoendelea na vifaa vilivyoko eneo la ujenzi, pamoja na dhima kwa watu wa nje, tangu siku ya kuanza hadi makabidhiano, na mara nyingi hadi mwisho wa kipindi cha uangalizi cha miezi 6 au 12. Kwa kawaida mkandarasi mkuu ndiye anayeinunua. Mkandarasi wa rangi, ambaye huingia mwishoni, huambiwa tu kwamba mradi una bima. Kauli hiyo haitoshi. Anachohitaji ni nakala inayoonyesha kuwa wakandarasi wadogo nao wanalindwa, na kiasi cha hasara ambacho hakilipwi, kwa sababu kwenye miradi mikubwa kiasi hicho kinaweza kuwa kikubwa kuliko thamani ya mkataba mzima wa rangi. Katika hali hiyo bima ipo, lakini kwake ni kama haipo.

Dhamana za zabuni, za utekelezaji na za malipo ya awali huuzwa pia na kampuni za bima, na kwa hiyo huchanganywa na bima. Si bima ya mkandarasi. Zinamlinda mteja: mkandarasi akishindwa kazi, kampuni humlipa mteja, kisha humgeukia mkandarasi na kumdai kila senti, pamoja na mali aliyoweka rehani.

Bei ya bima hutegemea mishahara, mapato ya mwaka, aina ya majengo, urefu wa kazi, matumizi ya moto au mashine za kupuliza, na historia ya madai. Tanzania Bara ada za bima za kawaida huongezewa VAT ya asilimia 18, na mkandarasi anayepanga bei ya zabuni bila kuihesabu huila faida yake mwenyewe. Tanzania na Kenya zote zimeweka msimamo kwamba ulinzi hauanzi kabla ada haijalipwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haina maana mbele ya moto wa katikati ya mwezi. Kwa Waislamu wasiotaka bima ya kawaida upo mfumo wa takaful, ambao wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana. Kenya ilipata kampuni ya namna hiyo mwaka 2011.

Wauzaji ni wa aina mbili, na tofauti yao ina uzito. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni ya bima. Dalali wa bima, kisheria, humwakilisha mteja na anapaswa kumtafutia mkataba unaomfaa kutoka kampuni mbalimbali. Kwa bima ya gari wakala anatosha. Kwa dhima ya kazi ya rangi, yenye masharti ya moto, urefu na kupuliza, dalali mwenye uzoefu wa ujenzi ni msaada mkubwa zaidi. Wote wanatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya usimamizi, yaani TIRA kwa Tanzania na IRA kwa Kenya.

Fomu ya maombi ndiyo msingi wa mkataba wote. Sheria ya bima hudai ukweli kamili kutoka kwa mwombaji, ukiwemo ule ambao hakuulizwa waziwazi lakini ungeathiri uamuzi wa kampuni. Mara nyingi fomu hiyo hujazwa na wakala, haraka haraka, na mteja husaini bila kusoma. Kosa la wakala huja kuwa kosa la mteja siku ya madai. Mabadiliko ya biashara katikati ya mwaka, kama kununua mashine ya kupulizia, kuanza kazi za viwandani au kuongeza wafanyakazi, yanapaswa kuandikiwa kampuni bila kusubiri kuhuisha mkataba.

Ajali ikitokea, kumsaidia aliyeumia hutangulia kila kitu, na hakuna mkataba unaokataza hilo. Kumkimbiza majeruhi hospitali na kumpa pole ni utu. Kinachokatazwa katika karibu kila mkataba wa dhima ni kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mkandarasi anayemwambia mwenye gari mbele ya mashahidi kwamba atalipa kila kitu anaweza kuwa ameifungia kampuni mlango wa kujitetea, na nayo ikamfungia yeye mlango wa fidia. Jambo hili ni gumu katika jamii ambayo heshima ya mtu hupimwa kwa kuwajibika papo hapo, na kampuni za bima zingefanya vyema kulieleza siku ya kuuza mkataba badala ya kulificha kwenye maandishi madogo. Jibu lililo sahihi ni kusema kwamba tukio limeripotiwa na kampuni itawasiliana naye, na kuitimiza kauli hiyo.

Taarifa kwa kampuni itolewe mara moja, kwa maandishi. Wizi na ajali zenye majeruhi hupelekwa polisi, na namba ya taarifa inayotolewa kituoni, yaani RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya, huandikwa kwenye fomu ya madai. Picha zipigwe kabla eneo halijasafishwa. Risiti za vifaa, daftari la vibarua na mkataba wa kazi huunganishwa, kisha kampuni humtuma mkadiria hasara. Mkandarasi ana haki ya kuwepo wakati wa ukaguzi na kueleza upande wake, na ana haki ya kupewa sababu za maandishi madai yakikataliwa.

Kabla ya kulipa, kampuni hutoa hati ya kukubali malipo, ambayo mara nyingi husema kuwa mteja ameridhika na hatadai tena. Ikishasainiwa, kuifungua hesabu hiyo upya ni vigumu sana, kwa hiyo kiasi kilichoandikwa hulinganishwa kwanza na makadirio ya fundi au gereji. Wasipokubaliana, malalamiko hupelekwa kwa uongozi wa kampuni kwanza. Yakikwama, Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa chini ya sheria ya bima ya mwaka 2009, inayosikiliza malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni bila kupitia mahakamani. Kenya malalamiko ya namna hiyo hupelekwa IRA.